Unaniuliza au Unaniambia

Nimefundisha katekisimu miaka mingi kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kufanya, na kazi hiyo ni ya maswali na majibu. Mwalimu anauliza, darasa linajibu, na anayejibu upesi ndiye anayesifiwa. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, aliwashinda wote kwa wepesi. Aliitikia "ndiyo" kabla sijamaliza swali. Nilimsifu kwa hilo tangu utoto mpaka akawa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anayeanika dagaa za watu ufukweni Mugango. Sikujua nasifu jeraha.

Mwaka juzi jirani yake, mwenye mtumbwi, alipotelewa na taa tatu za sola za kuvulia dagaa. Alimkuta mpwa wangu akigeuza dagaa, akamuuliza kama ndiye aliyezichukua. Akasema ndiyo. Ameziuza? Ndiyo. Huko sokoni Kabasa? Ndiyo, Kabasa.

Jirani alinifuata nyumbani kwangu Butiama na habari hiyo, akiwa na huzuni kuliko hasira. Nami nikafanya kosa ambalo labda katekista tu ndiye angeweza kulifanya. Sikumuuliza binti kama ameiba. Nilimwambia aungame. Nilimhakikishia kwamba Mungu hamtupi anayesema kweli, na maneno ya kusema nikampa mwenyewe: alipita njia gani, alizibeba kwenye nini, anajuta vipi. Kisha nikampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, akayasema yote bila kukosea, kama sala. Yakaandikwa. Karatasi ile ikaenda mahakama ya mwanzo, Musoma.

Kabla ya kesi nilimchukua hadi Kabasa, nikitumaini tutazipata taa na kuzirudisha. Nilisimama mbele ya duka la vitenge, nikamuuliza kama ni hapa. Akasema ni hapa. Mbele ya kinyozi pia ilikuwa hapa, na kwenye mashine ya kusaga ilikuwa hapa. Nikamuuliza kama ndiye aliyeiba pia ng'ombe wa parokia.

"Ndiyo, mjomba."

Parokia yetu haijawahi kuwa na ng'ombe.

Pale pale barabarani nikaelewa. Mtoto wa dada yangu alikuwa anakwenda jela kwa sentensi nilizotunga mimi.

Daktari mmoja mjini Musoma alitusikiliza kwa muda mrefu, kisha akataka kujua habari za mama yake. Nilimweleza kwamba dada yangu alikuwa akipika gongo, na kila aliyepika aliionja kila siku, mwenye mimba na asiye na mimba. Hakuna aliyetuonya. Daktari alisema pombe ile humfikia mtoto tumboni na kuudhuru ubongo wake. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mchapakazi, mcheshi, msemaji mzuri, lakini kumbukumbu zake zina mashimo, na ukimbana kwa maswali, hujaza shimo kwa maneno yako mwenyewe. Huo si uongo, alisema, kwa kuwa mwongo anaijua kweli anayoificha. Nilimlilia dada yangu upya siku ile, bila kumlaumu.

Tukaanza katekisimu nyingine. Nilikaa naye ufukweni akigeuza dagaa, nikamfundisha kwamba kabla hajajibu amuulize anayemsemesha: unaniuliza au unaniambia? Kama ni kuulizwa, ana ruhusa ya kusema hakumbuki. Hilo lilimtesa.

"Mjomba, kumwambia mkubwa sikumbuki si ni kiburi?"

"Mimi mwenyewe nasahauga. Nina kiburi?"

"Kidogo," akasema, na wanawake waliokuwa wakianika karibu yetu wakacheka hadi wakakaa chini.

Ilichukua majuma mengi. Siku nyingine alisahau hata somo lenyewe, tukaanza mwanzo. Mungu alinipa subira ambayo sikuwa nayo ujanani.

Mahakamani nilisimama kwanza. Nilimweleza hakimu, mbele ya watu niliowafundisha wengi wao, kwamba maungamo yale yalikuwa yangu, mpwa wangu aliyakariri tu. Barua ya daktari ikasomwa. Kisha jirani, kwa kuwa ndiye mlalamikaji, akapewa nafasi ya kumuuliza.

"Dada, taa zangu uliziuza Kabasa, siyo?"

Niliona midomo ya mpwa wangu inaanza ile "ndiyo". Nikainamisha kichwa. Sikuweza kumsaidia tena.

"Unaniuliza," akasema, "au unaniambia?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alimgeukia jirani, akamtaka ajibu, maana ni swali halali.

Jirani alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu. "Siku ile nilikuambia," alisema taratibu. "Kabasa niliitaja mimi."

"Basi mimi sikumbuki," mpwa wangu akasema. "Hizo taa sizikumbuki kabisa."

Hakimu alisema karatasi ile haiwezi kumfunga mtu, na ushahidi mwingine hakuna. Akamwachia huru. Nimesikia kwaya nyingi za Pasaka, lakini hakuna iliyoniinua kama lile neno "sikumbuki".

Nje, jirani alitufuata, kofia mkononi. Aliomba radhi, kisha akasema, "Kesho utakuja kunianikia."

Mpwa wangu alimtazama. "Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuuliza, dada yangu."

"Basi ngoja nifikiri," akasema, akatangulia mbele yetu kuelekea stendi. Mimi nilimfuata nyuma nikimshukuru Mungu.