Manasseh na Neno Lisilotamkika

Mwaka wa tisini na saba, Manasseh alikuwa mkuu wa kompyuta katika duka la jumla la Bwana Subhash mjini Kisii. Kompyuta zenyewe zilikuwa tatu, na moja ilikuwa ya kuwekea birika. Lakini ungemwona na tai yake ungedhani analinda Benki Kuu.

Kilichomkera ni midomo ya watu. Kila neno la siri alilotunga, makarani walilipigia kelele kutoka kaunta hadi stoo, mpaka wauza ndizi wa nje wakalijua. Ijumaa moja akapata dawa. Kwa Wagusii, mtu hatamki jina la mama mkwe wake. Ni chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake. Basi akaingiza jina la mama wa mchumba wake Drusilla: Bathsheba. Neno ambalo hata yeye hawezi kuropoka! Akajipongeza kwa soda, akaiacha mashine ikiwaka kwa ajili ya Jumamosi, asimwambie mtu.

Jumamosi akaenda Nyacheki kupeleka posa. Mama mkwe alikuwa na kiduka chenye simu, na wazee walikuwa bado njiani, kwa hiyo akaketishwa humo, kwenye kona ya mbali, macho chini. Simu ikalia. Mama akasikiliza, akamnyooshea mkonga bila kumtazama.

Ni Subhash, aliyekuwa ameachiwa namba ya huko. Stima ilipotea ikarudi, mashine inadai neno la siri, wateja wamejaa hadi barabarani na hakuna kinachouzika.

Manasseh akatokwa na jasho. Akilitamka, kwaheri Drusilla. Akanong'ona herufi moja moja, laini ikazitafuna. Subhash akaandika Dapsheda, mashine ikakataa. Ndipo maskini akakumbuka Biblia.

"Ni yule mke wa Uria," akasema. "Yule mfalme alimwona akioga."

Nyuma yake kikombe kiligonga sahani. Mtu mzima, mbele ya mama mkwe, anazungumzia kuoga! Manasseh alitamani ardhi immeze pamoja na simu.

Subhash, ambaye nyumbani kwake husomwa vitabu vingine, akauliza kwa sauti iliyolijaza duka zima, "Huyo Uria ni kastoma yetu? Bibi yake naoga wapi?"

Mkono ukapita begani pa Manasseh, ukamnyang'anya simu.

"Andika Bathsheba," mama mkwe akasema, kisha akalitaja herufi kwa herufi, polepole, kama mwalimu wa shule ya Jumapili. "Ndiyo. Ni mimi."

Mashine ikafunguka. Huko Kisii makarani walisikika wakishangilia.

Mama akakata simu, akauliza kwa nini jina lake liko kwenye mashine ya watu. Manasseh akaueleza ukuta, asithubutu kumtazama: alitafuta neno ambalo hangeweza kulitoa hata apigwe. Halafu mabega ya mama yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka mpaka akashika kaunta.

"Drusilla utapewa," akasema akijifuta machozi. "Mtu wa kutunza siri hivi hapatikani. Lakini hilo ulibadilishe, Kisii nzima sasa inalijua."

"Niweke lipi, Mama?"

"Weka la mzee wangu. Hilo hata mimi sijawahi kulitamka."