Ukanda wa Kumi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu. Usicheke: nina miaka kumi na saba, lakini kwako wewe wa darasa la nane, begi kubwa kuliko mgongo, mimi ni mzee. Shule yetu hapa Kensington, jijini Jozi, iliwaalika watu weusi kumi waliosoma humu, iwape heshima. Jaji, mhandisi wa madaraja, na Sista Nomvula, muuguzi, msichana mweusi wa kwanza kumaliza shule ambayo zamani haikutaka hata kivuli chake getini.

Mama yangu, fundi cherehani wa Jeppestown, alipewa kitambaa cha kanda kumi za begani adarizi majina yao. Kiingereza hasomi; tangu tutoke Bukavu, barua zote namsomea mimi. Basi orodha nilimnakilia mimi, na mahali pa Sista Nomvula nikaandika Eliya Bahati, jina langu, ambalo analijua. Nilitaka ashtuke tucheke, kisha nirekebishe. Hakushtuka. Niliporudi kutoka mpirani, kanda zimeshachukuliwa. Nikanyamaza.

Ijumaa ukumbini, mstari wa tatu, nikawaona: mama na kwaya nzima ya kanisa, sare ya kitenge.

"Mama, mbona wengi hivi?"

"Siku ya mtoto wetu tukose?" mama mmoja wa kwaya akanijibu. "Kaa vizuri, mheshimiwa!"

Jaji akavishwa. Mhandisi akavishwa. Saba, nane, tisa. Mkuu wa shule akauinua wa mwisho, akaguna.

"Eliya Bahati?"

Vigelegele! Mstari wa tatu wote wima. Na jukwaani Sista Nomvula, mabega matupu.

Nilipanda, nikakiri kwa Kiingereza, mbiombio. Sista Nomvula hakufoka. Alinipa kipaza sauti.

"Mama yako hajaelewa. Mtafsirie."

Mwanangu, nimemtafsiria mama kliniki, benki, ofisi ya makaratasi. Sijawahi kubeba maneno mazito kama haya: "Mama, si mimi. Nilifanya mzaha."

Vigelegele vikakatika kama umeme wa Jozi. Mama akaja mbele, akafungua kilemba chake, akakikunja taratibu, akamvika Sista Nomvula begani. Aliponipita alisema chini chini, "Mimi dunia naisoma kwa macho yako, Eliya." Afadhali kofi.

Ule ukanda ameutundika juu ya cherehani. Hataki kuufumua. "Utauvaa," anasema, "siku ukiwa wako." Eish.

Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Taniana na dunia nzima, hata mwalimu wa hesabu, lakini aliyekuamini bila kusoma, huyo usimchezee. Na ukikosea, sema mapema, kabla kwaya haijasimama.

Mungu akujalie jina lako lidariziwe kwa haki, na siku hiyo mama yako awepo, apige vigelegele asivyolazimika kuvimeza. Haya, sharp, nenda mwanangu. Kengele hiyo.