Jicho la Mchungaji Barabarani

Ipo siku moja ya utoto wangu, mwanangu, ambayo haijanitoka mpaka leo, na nataka nianze nayo kabla sijafika kwenye msiba. Nilikuwa msichana mdogo, bado sijaaminiwa kundi kubwa, nikichunga ndama wa baba yangu kwenye uwanda wa Balangdalalu. Walipita wanawake na punda waliobebeshwa chumvi ya ziwani, nami nikageuka kuwatazama mavazi yao. Niliporudisha macho, ndama mmoja alikuwa ametumbukia korongoni na mguu wake umevunjika.

Baba yangu hakunipiga. Alinishika kidevu kwa vidole vyake vigumu, akaugeuza uso wangu mpaka macho yangu yakamwangukia yule ndama, akaushikilia hapo.

"Unamwona?"

"Namwona, baba."

"Ulipaswa kumwona tangu alipoanza kujitenga. Anayekwenda vibaya ndiye wa kutazamwa. Hao wengine wanaijua njia."

Tangu siku hiyo, kila aliponikuta nimezubaa hakusema neno. Alinishika kidevu na kukigeuza tu. Kidogo kidogo shingo yangu ikajifunza yenyewe. Hata sasa, katika uzee huu, kundi likipita mbele ya nyumba, jicho langu linakwenda kwa yule aliyejitenga kabla mimi mwenyewe sijaamua kutazama.

Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wanangu, na baada yao wajukuu. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, na maneno haya anayaandika Samweli, mjukuu wangu, mimi nikiyasema. Lakini kuchunga niliwafundisha kwa mkono wangu, na katika nyumba hii hakuna aliyejua kuchunga kuliko kaka yake Samweli, marehemu Daudi. Samweli, usiinue kalamu. Liandike jina lake.

Daudi alikuwa kijana ambaye ng'ombe walimsikiliza. Alipokua aliuza maksai wake akanunua pikipiki, ili abebe abiria kutoka hapa kwetu Masakta hadi Katesh. Siku zile zile yakatangazwa mafunzo ya vijana wanaoanza kuendesha, kwenye uwanja wa shule huko Gitting. Daudi alikuja kwangu akicheka.

"Shikamoo, bibi. Umesikia habari? Wanataka nikakae na watoto waliomaliza shule juzi, nifundishwe kushika breki."

"Marahaba. Na wewe unajua kuishika?"

"Bibi! Mimi niliyemshika dume la jirani pembe mpaka akapiga magoti? Hiki chuma hakina hata pembe."

"Lakini kelele zake zinalishinda hilo dume," nikamwambia, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Hakwenda. Rafiki yake alimfundisha mchana mmoja katika shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, mahali pasipo na gari, wala mtu, wala ng'ombe. Jioni yake akarudi nyumbani akiendesha, na sisi sote tukatoka nje kumshangilia.

Alikufa akirudi kutoka Katesh, jua likiwa bado juu. Kundi lilikuwa linavuka barabara, na mtamba mmoja akasita katikati. Rafiki yake yule yule, aliyekuwa akimfuata nyuma kwa pikipiki yake, ndiye aliyetuletea habari. Alisimama mlangoni, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akasema: "Bibi, njia ilikuwa wazi. Kushoto kwake hata lori lingepita. Lakini alikwenda moja kwa moja kwa yule mtamba, kana kwamba ameitwa."

Mtamba aliinuka akaendelea na wenzake. Daudi hakuinuka.

Watu walisema mengi, kama mnavyojua watu wanavyosema matangani. Wapo waliotaja mwendo mkali, na rafiki yake akaapa kwamba haukuwa mkali. Wapo waliotaja pombe, naye Daudi hakuwahi kuionja. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Mimi kulala nililala na kuamka niliamka, kulima nililima, lakini neno moja lilikaa nami kama jiwe ndani ya kiatu: njia ilikuwa wazi. Kwa nini basi hakuipita?

Pikipiki ikatengenezwa, ikawekwa ghalani. Ukapita msimu, na msimu mwingine, kisha Samweli akaniomba ufunguo. Nilimwambia kwamba ufunguo nimeufunga kwenye pindo la shuka yangu, na kwamba utafunguka atakapomaliza mafunzo, si kabla. Nikafuatana naye hadi Gitting, nikakaa kwenye kigoda pembeni mwa uwanja, maana safari hii sikutaka kuja kusimuliwa.

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Alipanga matairi chakavu uwanjani, akawaambia vijana wapite katikati yake polepole. Zamu ya Samweli ilipofika, nilimwona akinyooka vizuri, kisha tairi moja likamvuta. Uwanja wote ulikuwa mtupu, naye akaliendea hilo hilo, akaligonga, akaanguka vumbini.

"Samweli!" mwalimu akaita. "Hilo tairi limekukosea nini?"

Wenzake wakacheka. Samweli akajipangusa.

"Nilikuwa nimelikazia macho, mwalimu, ili nisiligonge."

"Ndiyo maana umeligonga. Ukikitazama kitu unachokiogopa, mabega yanageukia huko, mikono inafuata, na pikipiki inakufikisha hapo hapo. Kione, halafu kiache. Tazama pengo unalotaka kupita."

Kisha yule mwanamke akaishika kofia ngumu ya Samweli penye kidevu, akakigeuza kichwa chake kutoka kwenye tairi hadi kwenye uwazi, akakishikilia hapo.

Nilivuta shuka nikajifunika uso. Mwanangu, nilikuwa nimeuona tena mkono wa baba yangu, lakini ukigeuza upande mwingine. Na pale pale nikamwona Daudi barabarani. Hakuitwa na mtu, wala hakurogwa. Aliona mtamba amejitenga, na jicho lake likaenda kwake, kama jicho la kila mchungaji mwema linavyokwenda, na mikono ikalifuata jicho. Alikufa akifanya sawasawa lile tulilomfundisha tangu alipokuwa anatambaa. Fundisho hilo lilikuwa jema, na malishoni ni jema hadi leo. Hakuwepo tu wa kumwambia kwamba juu ya pikipiki fundisho hilo linageuka kinyume.

Tulipokuwa tunarudi, Samweli akasema: "Bibi, nimeshaelewa. Kesho sina haja ya kurudi. Vijana wa kijiweni wananiita mwanafunzi wa matairi."

Nilisimama njiani. "Umeelewa kwa sikio," nikamwambia. "Baba yangu aliniambia neno lake mara moja tu, nami nikalielewa siku ile ile. Kisha akanigeuza kidevu misimu mingapi? Ng'ombe akisita mbele yako hutapata nafasi ya kukumbuka alichosema mwalimu. Shingo yako itageuka kabla yako, na kwa sasa inajua upande mmoja tu."

Asubuhi yake alirudi uwanjani, na bado anakwenda, na ufunguo bado uko pindoni mwangu.

Sasa nisikilize, wewe unayeandika, na wewe utakayesomewa maneno haya. Usidharau mafunzo kwa sababu unajua kuchunga, au kulima, au kumtuliza dume. Kadiri unavyojua mengi ya nyumbani, ndivyo unavyopaswa kufundishwa mengi ya barabarani, kwa kuwa mwili wako umejaa mazoea mengine, na siku ya hofu mwili hauulizi uko wapi. Nenda ukafundishwe mpaka shingo ijue. Jifunze kukamata breki zote mbili taratibu, jifunze kupunguza mwendo ungali mbali na kundi, na ikiwezekana simama, ng'ombe wapite. Mwalimu akikugeuza kichwa, usione aibu mbele ya wenzako. Daudi angekuwa na mtu wa kumgeuza kichwa, leo angekuwa ndiye anayeniandikia.

Mungu aliyenipa macho ya kulia akupe wewe macho ya kuona pengo. Mabonde ya Hanang yakupishe, mvua isikukute kwenye utelezi, na jioni nisikie mlio wa pikipiki yako ukipanda kilimani kuja nyumbani. Na siku mtamba atakaposita mbele yako, mwanangu, baba yangu na anisamehe huko aliko: usimtazame.