Nundu Ubavuni mwa Lori

Jua halijapata makali, na fundi bodi wanayemwita Bi Msasa amepiga magoti kando ya lori la jeshi lililoizidi gereji yenyewe umri. Anachovya msasa kwenye ndoo ya maji, anasugua mahali pasipozidi kiganja, anafuta, anatazama.

Rangi nyeupe ni ya mfanyabiashara wa saruji aliyelinunua mnadani. Chini yake kuna kijani cha jeshi. Chini ya kijani, kijani kingine.

"Lori halina aibu," anasema bila kuinua kichwa. "Ukilivua polepole, litakwambia lilikolala."

Jina la Bi Msasa alipewa na mafundi wenzake, na wanakiri kwamba siku nyingine wanamaanisha ulimi wake. Ana miaka hamsini na nane. Amefufua malori sita ya jeshi yaliyotelekezwa porini, mojawapo likiwa na mti umeota katikati ya injini. Akiitazama nambari iliyogongwa kwenye chesisi na mpangilio wa boliti, hulitambua lori kabla ya kufungua boneti.

Hili limeletwa na mwenye hoteli, anayetaka kuliweka bustanini ili wageni wapige picha. Injini inanguruma, breki zinashika. Umebaki ubavu, na ubavu ndio uliozua maneno.

Una nundu. Lori lililogongwa hubonyea kwenda ndani. Hili limetutumka kwenda nje, pande zote mbili, chini kabisa, usawa wa kisigino cha mtu aliyeketi sakafuni. Juu ya kila nundu kijani cha kwanza kimepasuka, na kijani cha pili kimezifunika nyufa. Yaani nundu zilitokea lori likiwa la jeshi, na jeshi hilohilo likapaka rangi juu yake.

Wenye kumbukumbu fupi waelezwe. Mwaka wa mgomo wa kiwanda cha nguo, wafumaji waliodai nyongeza ya mishahara walizolewa getini kwa malori kama haya. Redio ikatangaza kwamba wamesindikizwa majumbani. Majumbani kwa nani, haikusema.

Kaka yake Bi Msasa alikuwa mmoja wao. Aliporudi baada ya miezi minne, alisimulia walivyokalishwa migongo ikigusana, mikono imefungwa, turubai limeshushwa, wakawa wanapiga mateke ubavuni ili watu wa barabarani wasikie. Wakubwa wa kiwanda walimwita mwongo, na majirani, kwa woga wao, wakaitikia.

Wiki iliyopita mwenye hoteli alikuja kuagiza nundu zigongwe zilale, kisha zisawazishwe kwa puti, ubavu uwe laini kama kioo.

"Mama, wageni wangu wanakuja kunywa soda, hawaji matangani."

"Injini nimekupa, bosi. Breki nimekupa. Puti hapa sipigi."

"Basi nitampa fundi mwingine."

"Mpe. Na umwambie anafunika nini."

Alipoondoka, mafundi wenzake walimlaumu Bi Msasa kwamba anamwaga unga wake mwenyewe. Alimwita kaka yake.

Mzee alifika na fimbo yake, akainama, akapitisha vidole kwenye nundu moja hadi nyingine. Dada yake hakumficha: malori yalikuwa mengi, hawezi kuapa kwamba ni lilelile lililombeba. Lakini mateke ni mateke, hayakuota yenyewe.

"Mdogo wangu," mzee akasema, "wakizilaza hizi, narudi kuwa mwongo."

Kesho yake Bi Msasa alikwenda hotelini na pendekezo: atakata mbavu mpya za bati jipya, laini anavyotaka tajiri, kwa gharama yake mwenyewe, karibu kipato chake cha miezi miwili. Yeye abaki na zile za zamani. Mwenye hoteli alicheka, akasema anayependa chuma chakavu asinyimwe. Kicheko Bi Msasa amekisamehe. Chuma amekichukua.

Bati jipya limeshachorwa mistari ya kukatia. Likishafungwa, mbavu za zamani atazitundika ukuta wa mbele wa gereji, zikitazama barabara ya kiwandani. Wafumaji walio hai wameshapelekewa habari, na kaka yake ndiye atakayezungumza wa kwanza. Kila mwezi zitapakwa mafuta zisiliwe na kutu.

Fundi mmoja anauliza kama hatazipiga hata rangi kidogo, zipendeze.

Bi Msasa anasuuza msasa wake ndooni. "Rangi walishapaka wao."