Shaba Mikononi mwa Wambeti

Kwa miaka ishirini Wambeti alifuma sweta za shule hapa Siakago, mpaka zile za viwandani zilipojaa madukani na mikono yake ikakosa kazi. Ndipo Felicitas, mwenzake wa kwaya aliyeolewa kutoka Meru, akamwonyesha kufuma bangili kwa waya wa shaba.

"Mama Njeru, vidole unavyo tayari. Unabadilisha uzi tu."

Wapi! Sufu ukiikosea unaifumua, unaanza upya. Waya ukiukunja mara mbili mahali pamoja, unakatika. Wiki ya kwanza vidole vilichubuka hata kumenya viazi kukamshinda. Ilimchukua mwezi mzima kujifunza kulegeza tanzi na kuvuta polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba. Bangili yake ya kwanza ilipinda kama mdomo wa mtu anayetaka kulia, lakini aliivaa kanisani, na wanawake wakaanza kuagiza.

Waya waliutoa wote wawili kwa Nthiga, fundi wa mota za umeme. Mota ikiungua, yeye huichambua na kutupa waya wa ndani.

Mwezi wa saba, wezi waliifungua transfoma ya sokoni wakabeba shaba yote. Mashine za kusaga zikanyamaza. Watu walikuwa na hasira, magunia mazima ya mahindi yamekaa bila kusagwa. Siku ya tatu, naibu wa chifu akaingia uani kwa Wambeti na askari wawili.

"Mama, tumeambiwa una shaba ndani."

Wakamwaga kikapu chake chini. Majirani walikuwa wamejaa hadi kwenye ua, na Felicitas alikuwa katikati yao.

"Muulizeni Mama Kinoti," Wambeti akasema. "Yeye ndiye alinifundisha. Waya tunachukua pamoja kwa Nthiga."

Felicitas akatazama miguu yake. "Mimi nilimwonyesha kufuma tu. Waya anatoa wapi, sijui."

Askari wakaokota bangili, wakamwongoza Wambeti kwenda kituoni. Kesho yake Nthiga alifika na mota iliyoungua, akaipasua mezani mbele ya afisa, akalinganisha waya na bangili. Wakamwachilia. Hakuna aliyemwambia pole, na maagizo yakakoma.

Mwezi ulipita kabla Felicitas hajabisha mlangoni na bakuli la ndengu.

"Niliogopa, Mama Njeru. Niliona wakinigeukia mimi."

"Najua. Hata mimi niliogopa."

Akamkaribisha kiti, akachemsha chai, wakanywa wakiongea habari za mvua. Felicitas hakuuliza kama bado anafuma, na Wambeti hakumwambia.

Anafuma. Bangili huzipeleka Embu mjini kwa mama mmoja mwenye duka asiyejua habari za transfoma. Ila siku hizi hufunga mlango hata mchana wa joto kali, na mtu akibisha, kwanza hufunika kazi kwa leso, ndipo aitike.