Kadi Mbili Zilizosubiri Shikamoo

Nilipomaliza masomo ya jioni ya kompyuta nilijiona mtu wa kuongea na mitambo yote kuanzia Ngarenaro hadi mwezini. Kazi niliyopata ilikuwa kibarua cha majaribio kwenye karakana ya mama mmoja hapo hapo Ngarenaro. Mafundi wake walikuwa na vikombe vyao vya chai vimetundikwa ukutani; sisi vibarua tulinywea vya wageni. Sharti langu lilikuwa moja: nizifanye kadi mbili za zamani za mawasiliano ya kompyuta, mali ya chama cha wakulima wa kahawa, ziwasiliane mbele ya mteja, la sivyo nirudi Daraja Mbili nikauze kava za simu.

Kadi zenyewe, moja ya ofisini kwake na moja ya ghalani, katibu wa chama, mzee wa Kimeru, alizileta zimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba kama mayai. Zilitengenezwa na kampuni mbili tofauti, na zote zilituma data kwa kufuata mapigo ya saa: pigo moja, biti moja. Ni kama kusukuma gari lililokwama kwenye tope la huko mlimani. Lazima mmoja aite “moja, mbili, tatu”, la sivyo gari linawacheka.

Bosi alitaka draiva moja ndefu, yaani programu ya kuiendesha, kwa kila kadi, kila kitu humo humo. Mimi nikataka matabaka. La juu lijue ujumbe tu, la chini lijue kadi tu, na katikati pawe na kidirisha kama cha duka la dawa, cha kupitishia amri nne: fungua, funga, tuma, pokea. Kadi ikibadilika, unabadilisha la chini. La juu halina hata habari.

“Chapati ya maji haina tabaka hata moja,” bosi akasema, “na watu wanashiba.”

“Ndiyo maana haiitwi harusini, bosi.”

Akacheka, nikaachiwa. Kidirisha kile nilikipenda kiasi cha kukiota. Nikaijaribu kila kadi peke yake kwenye kifaa cha laini tulichoazima, kile kinachojifanya laini ya simu, data ikashuka kama mto Themi wakati wa masika.

Siku ya mteja kifaa cha watu kilikuwa kimesharudi kwa mwenyewe, kwa hiyo nikaunganisha kadi kwa kadi na waya mmoja. Katibu akakaa. Nikawasha. Kimya. Taa za kadi zilinikodolea macho na hakuna biti iliyosogea. Jasho lililonitoka lingemwagilia migomba yote ya Meru.

Hapo akaingia mwenye nyumba, mzee wa Kiarusha anayekuja kila asubuhi kusoma gazeti letu, akaketi mkabala na katibu. Wote mvi, wote fimbo mkononi. Hakuna aliyetoa neno. Kila mmoja alijiona ndiye mkubwa na alikuwa anasubiri aamkiwe. Bosi akakohoa. Wazee wakaangalia dari. Nadhani kahawa iliiva huko mlimani tukiwa tunasubiri.

Mwisho katibu akagonga fimbo chini. “Haya bwana, shikamoo. Leo nimekuwa mtoto.”

“Marahaba, mwanangu,” mwenye nyumba akajibu kwa raha zote. “Mama hajambo?”

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mimi niliruka, nusura nitoboe bati. Kumbe mapigo yote yalikuwa yanatolewa na kile kifaa cha laini! Sasa hakipo, na kadi zimekaa kama wazee wetu, kila moja inasubiri mwenzake aanze. Na kidirisha changu kitukufu hakikuwa na njia ya kumwambia yeyote aanze. Nikaongeza amri ya tano, toa mapigo, nikafundisha tabaka la chini la kila kadi namna ya kuitii, kisha nikaiamuru kadi ya kushoto. Data ikapita.

Katibu akauliza ni ipi iliyoanza kuamkia. Nikamwonyesha. Ilikuwa ya ofisini kwake.

“Ya kwangu tena? Geuza, kijana.”

Nikabadilisha neno moja tu kule juu. Data ikapita vile vile, ya kulia ikiwa ndiyo inayoanza. Mwenye nyumba akasema hapana, yeye aliipenda ilivyokuwa mwanzo. Nikairudisha. Katibu akagoma. Nikageuza. Waliniendesha hivyo labda mara elfu, na bosi amesimama nyuma yangu anaangalia kidole changu.

“Ni neno hilo hilo moja?” akauliza.

“Hilo hilo, bosi. Kwa kadi zote mbili.”

Akaenda ukutani, akapigilia msumari.

“Jumatatu uje na kikombe chako,” akasema.