Lori la Baba Uani

Fundi alipofungua mlango wa lori jana, harufu ya dizeli na kiti kilichooza ilinipiga hadi nikaketi chini. "Jajja," akaniambia, kama vijana wa hapa wanavyowaita wazee, "hili liuze kama chuma chakavu tu, hapa Kyebando wanunuzi wamejaa." Nikamwambia aendelee, ndilo lori aliloendesha baba jeshini, nataka liwake. Nimechoka mimi, na magoti yananiuma, lakini hayo tuyaache.

Wakati ule baba analiendesha, kichwa changu kilifika kwenye tairi tu. Mama, Mnubi halisi, hakumwacha baba aende safari kabla hajamfukizia ubani wa kumkinga chini ya kiti. Baba anakohoa, analalamika, "Mwanamke wee, unanibanika kama samaki!" Sisi watoto tunacheka.

Siku moja lori likarudi, mama akatoka mbio na chetezo chake. Kwenye usukani alikaa kijana mwingine, sare imelowa jasho, hataki kushuka. "Mama, nimeleta gari," akasema. "Mwenyewe sikuweza kumleta."

Mama akasimama. Moshi ulimwingia machoni, hakuupepea. Halafu akapanda, akafukiza chini ya kiti polepole, kila pembe, na kijana yupo palepale analia. Alipomaliza akamwambia, "Haya, mwanangu. Sasa nenda kwa mama yako."

Gari likakataa kuwaka, likabaki uani hadi leo. Kijana akaenda kwa miguu, na mama akamsindikiza hadi barabarani, akimpepea moshi mgongoni.